Masharti ya Korona Nchini Kenya: Hesabu ya Ukaribu na Gharama Yake

Maradhi ya kuambukiza hayana miguu. Hutembea kwa miguu ya watu. Kwa sababu hiyo, tangu zama ambazo dawa zilikuwa chache, serikali zilizokabiliwa na tauni au ndui zilitumia njia moja kuu, nayo ni kuwatenga watu. Njia hiyo ni rahisi kuieleza lakini ni ngumu kuitekeleza, kwa maana ukaribu unaobeba maradhi ndio huohuo unaobeba biashara, masomo, ibada na mapenzi ya jamaa. Anayeuzuia ukaribu huzuia vyote kwa pamoja.

Jambo hilo lilidhihirika nchini Kenya kuanzia tarehe 13 Machi 2020, Wizara ya Afya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Siku mbili baadaye ilitangazwa kwamba shule zote zingefungwa. Tarehe 27 Machi kafyu ilianza kutumika kote nchini, kuanzia saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Tarehe 6 Aprili watu walikatazwa kuingia na kutoka katika eneo la jiji la Nairobi, na muda mfupi baadaye kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikatiwa katika amri hiyo. Nyumba za ibada zilifungwa, na mikusanyiko ya mazishi ikapunguzwa. Wakenya walijikuta wakiulizana swali ambalo hadi leo lafaa kujadiliwa darasani: je, masharti hayo yalizuia nini, na ni nani aliyeilipa gharama yake?

Kanuni ya kuzidisha

Ili kulijibu swali hilo, hapana budi kuanza na hesabu. Tuseme kwamba kila mgonjwa huwaambukiza watu wawili, nao wawili hao kila mmoja huwaambukiza wengine wawili. Kutoka kwa mgonjwa mmoja tutapata 2, kisha 4, kisha 8, na katika mzunguko wa kumi wa maambukizo tutakuwa na wagonjwa wapya 1,024. Ikiwa kila mzunguko huchukua siku 5 hivi, hayo yote hutokea kwa siku 50 tu.

Sasa tuseme kwamba watu wamepunguza kukutana kwao kwa asilimia 40, hata kila mgonjwa akawa anawaambukiza watu 1.2 kwa wastani badala ya 2. Katika mzunguko uleule wa kumi, wagonjwa wapya watakuwa 6 hivi. Punguzo dogo likirudiwa mara kumi huzaa tofauti kubwa mno. Na wastani huo ukishuka chini ya 1, ugonjwa huanza kufifia wenyewe.

Hapo ndipo penye asili ya mabishano yote. Faida ya masharti ni wale watu zaidi ya elfu ambao hawakuugua, nao hawajulikani kwa majina. Hata wao wenyewe hawajijui. Hasara, kwa upande wa pili, ni duka lililofungwa, mshahara uliokatwa na mtoto aliyekaa nyumbani. Hizo kila mtu huziona. Kulinganisha faida isiyoonekana na hasara inayoonekana ni kazi ngumu hata kwa mtaalamu, sembuse kwa mama mwenye kibanda cha mboga.

Viti vinane

Miongoni mwa masharti yote, hakuna lililogusa wananchi wengi kila siku kama lile la matatu. Gari lenye viti 14 vya abiria liliamriwa kuchukua abiria 8 tu. Kwa mtazamo wa kwanza, abiria walipungua kwa asilimia 43 hivi. Lakini ugonjwa hauhesabu abiria, bali huhesabu jozi za watu waliokaribiana. Abiria 14 huweza kufanya jozi 91, ilhali abiria 8 hufanya jozi 28 tu. Kwa hiyo nafasi za kuambukizana kati ya abiria ndani ya gari moja zilipungua kwa karibu asilimia 69. Kwa upande wa sayansi, amri ile ilikuwa na maana.

Lakini matatu ni biashara, nayo ina hesabu yake. Gari likiwa na abiria 8 halitumii petroli kidogo kwa kiasi kile kilichopungua, wala mwenye gari hapunguzi kiasi anachotaka kuletewa jioni. Chukua mfano wa safari inayohitaji kuleta shilingi 1,400: abiria 14 wangelipa shilingi 100 kila mmoja, lakini abiria 8 watalipa shilingi 175. Nauli zilipanda katika njia nyingi, na wengi wa waliopandishiwa ni watu ambao kazi zao hazikuweza kufanywa nyumbani: vibarua, wauzaji sokoni, walinzi na watumishi wa majumbani. Wapo walioamua kutembea kwa miguu. Wapo pia makondakta waliojaza viti vyote mara tu walipokipita kizuizi cha polisi, na abiria waliokubali kwa kuwa nao walitaka kufika. Sharti hilo liliendelea hadi Agosti 2021, magari yaliporuhusiwa tena kujaza viti vyote.

Jioni ya Likoni

Siku ya kwanza ya kafyu ilitoa funzo ambalo halikutarajiwa. Huko Mombasa, wafanyakazi wanaoishi ng'ambo ya kusini hurudi makwao kwa feri ya Likoni. Jioni ya tarehe 27 Machi 2020, watu wengi waliacha kazi kwa wakati mmoja ili wawahi kabla ya saa 1 usiku. Wakafika kivukoni kwa pamoja, wakasongamana. Polisi walitumia mabomu ya machozi na virungu kuwatawanya, na watu wakawa wanakohoa, wanatema mate na kufuta macho kwa mikono huku wamebanana bega kwa bega.

Kwa mwanafunzi wa sayansi, kisa hicho kina somo lililo wazi. Kafyu haikuondoa haja ya watu kuvuka. Ilichofanya ni kuubana muda wa kuvuka. Safari zilizokuwa zikitawanyika kwa saa nyingi zilikusanywa katika muda mfupi, na amri iliyowekwa ili watu waachane ikawakutanisha. Hali kama hiyo ilionekana pia katika vituo vya magari vya Nairobi karibu na saa ya kafyu. Serikali ilisogeza mbele saa za kafyu mwezi Juni 2020, zikawa saa 3 usiku hadi saa 10 alfajiri. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Suala la nguvu zilizotumiwa lilifika mahakamani. Tarehe 16 Aprili 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba kafyu kama njia ya kuzuia ugonjwa haikupingana na Katiba, lakini nguvu zilizopita kiasi za polisi katika kuitekeleza zilipingana nayo. Kufikia mwanzoni mwa Juni mwaka huo, mamlaka huru ya kuchunguza mwenendo wa polisi ilikuwa imehusisha vifo 15 na vitendo vya polisi katika kipindi cha kafyu. Uamuzi wa mahakama ulitenganisha mambo mawili ambayo katika mabishano ya mitaani yalichanganywa mara nyingi: kama sharti lina msingi wa kisayansi, na kama linatekelezwa kwa haki. Sharti laweza kuwa na la kwanza likakosa la pili.

Sabuni, maji na barakoa

Kinga nyingine zilikuwa mikononi mwa kila mtu. Kirusi cha korona kimefunikwa kwa utando wa mafuta. Sabuni, ambayo upande mmoja wa molekuli zake hupenda maji na upande wa pili hupenda mafuta, huupasua utando huo na kukiharibu kirusi. Kwa sababu hiyo, kunawa kwa sabuni kwa sekunde 20 hivi kunatosha. Hakuna haja ya dawa ghali. Mbele ya maduka na vituo vya magari pakawekwa madumu yenye mifereji, na mafundi wakabuni vifaa vya kunawia vinavyofunguliwa kwa mguu ili mkono usiguse bomba. Katika kaunti ya Bungoma, mvulana wa miaka 9 alitengeneza kifaa cha namna hiyo kwa mbao, na mwezi Juni 2020 akatunukiwa nishani ya Rais. Lakini katika mitaa ambayo maji hununuliwa kwa dumu, kunawa mara kumi kwa siku kulikuwa gharama iliyopaswa kupangwa pamoja na unga na mafuta ya taa.

Kuhusu barakoa, mabishano yalikuwa makali zaidi, na sababu mojawapo ni kwamba ushauri wenyewe ulibadilika. Kenya ililazimisha barakoa katika mahali pa hadhara mwezi Aprili 2020. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwanzoni halikupendekeza barakoa kwa watu wote, lilibadilisha ushauri wake tarehe 5 Juni 2020. Vivyo hivyo, hapo mwanzo mkazo mkubwa uliwekwa kwenye kusafisha meza na vitasa vya milango, lakini baadaye ikathibitika kwamba hewa ya ndani ya vyumba visivyopitisha upepo ndiyo njia kubwa zaidi ya maambukizo. Wapo waliosema kwamba wataalamu wanaobadili maneno hawaaminiki. Ukweli ni kinyume chake: mtaalamu anayepata ushahidi mpya akakataa kubadili kauli ndiye asiyefaa kuaminiwa. Kosa lililofanyika mara nyingi ni kutoa ushauri wa mwanzo kwa sauti ya uhakika, bila ya kuwaambia watu kwamba utafiti ulikuwa ungali ukiendelea.

Mwaka uliopotea

Hakuna kundi lililobeba mzigo kimya kimya kama wanafunzi. Mwezi Julai 2020 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba mwaka huo wa masomo ungehesabiwa kuwa umepotea. Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, na mengine kwa intaneti, lakini redio ya nyumbani ni moja na watoto ni wengi, na si kila nyumba ina umeme. Mwanafunzi wa mjini mwenye simu nzuri aliendelea na hesabu zake. Mwenzake wa kijijini alichunga mbuzi au alisaidia shambani. Baadhi ya wasichana walishika mimba au waliozwa, na si wote waliorudi. Tarehe 12 Oktoba 2020 walirudi wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la Nane na Kidato cha Nne. Wengine walisubiri hadi tarehe 4 Januari 2021.

Nchi jirani zilichagua njia tofauti. Tanzania ilifunga shule mwezi Machi 2020 na zote zikawa zimefunguliwa kufikia tarehe 29 Juni, wala haikuweka kafyu wala kufunga nyumba za ibada. Uganda iliwarudisha wanafunzi wote tarehe 10 Januari 2022, baada ya karibu miaka miwili ya shule kufungwa kabisa au kwa sehemu. Mtu angedhani kwamba kulinganisha nchi hizo tatu kungemaliza ubishi. Lakini Tanzania iliacha kutangaza takwimu za wagonjwa mwishoni mwa Aprili 2020, na haikuzirejesha hadi mwaka 2021. Pasipo kuhesabu, mtetezi wa masharti na mpinzani wake wote hubaki na maneno matupu.

Ushahidi uliomo katika damu

Nchini Kenya, hesabu moja iliyosaidia sana ilitoka katika akiba ya damu. Mtu aliyeambukizwa hubaki na kingamwili katika damu yake, hata kama hakuugua. Watafiti wa taasisi ya utafiti iliyoko Kilifi walipima damu ya watu 3,098 waliojitolea kuchangia damu kati ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni 2020. Matokeo yao, yaliyochapishwa katika jarida la Science, yalikadiria kwamba asilimia 4.3 ya watu wazima walikuwa wamekwisha kuambukizwa. Mombasa ilikuwa asilimia 8.0 na Nairobi asilimia 7.3. Wakati huo wagonjwa waliothibitishwa kwa vipimo walikuwa elfu chache tu katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 47.

Kila upande wa mabishano uliweza kuyashika matokeo hayo. Wapinzani walisema: ugonjwa ulienea licha ya masharti, na wengi hawakuugua sana. Watetezi walisema: hata baada ya miezi mitatu, zaidi ya watu 9 kati ya 10 mijini walikuwa hawajaguswa, na huo ndio muda ambao hospitali zilihitaji ili kujiandaa. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake. Umri pia una nafasi yake: nusu ya Wakenya wana umri wa miaka 20 hivi au chini ya hapo, na korona iliua wazee zaidi kuliko vijana. Kwa hiyo sharti lililofaa katika nchi yenye wazee wengi halikuwa lazima lifae kwa kipimo kilekile Nairobi.

Funzo linalobaki ni kwamba sharti la afya lina hesabu mbili. Ya kwanza huuliza ni jozi ngapi za watu zitatenganishwa. Ya pili huuliza ni nani atakayelipa nauli, atakayekosa kibarua na atakayekosa shule. Serikali inayofanya hesabu ya kwanza pekee hupata amri ambayo watu huikwepa wakipita kizuizi. Inayofanya ya pili pekee huuacha ugonjwa ujizidishe.

Zoezi kwa darasa

Idadi ya jozi katika kundi la watu n ni n(n − 1) ÷ 2. Tafuta idadi ya jozi katika darasa la wanafunzi 50, kisha katika madarasa mawili ya wanafunzi 25 kila moja. Je, jozi zimepungua kwa kiasi gani? Baada ya hapo, jadilianeni: shule yenu ingehitaji walimu na vyumba vingapi zaidi ili kufanya hivyo, na kama havipo, ni wanafunzi gani wangetangulizwa na kwa sababu gani?