Kioo kwanza, mlango uache: motokari ikiingia majini

Leo siandiki juu ya kazi wala burse. Naandika juu ya ile siku niliyogundua kwamba diplome yangu ya polytechnique haijanifundisha namna ya kutoka ndani ya motokari.

Kwetu Kambove maji hayako mbali na barabara. Kuna mashimo ya zamani ya migodi ambayo mvua imeyajaza, ukiyaona kwa mbali utasema ni maziwa. Kuna vijito ambavyo kuanzia Novemba mpaka Aprili vinapanda bila kupiga hodi. Ukishuka upande wa Lufira kuna ziwa Tshangalele lenyewe, lililotokana na baraje ya Mwadingusha. Na juu ya barabara hizo hizo kunapita malori ya madini, mengine usiku, na kila moja linakusukuma kando.

Basi, jioni moja ya mvua nilitoka Likasi na teksi. Tulikuwa watu saba, wanne nyuma, mimi nikiwa kwenye kioo cha kushoto. Tulipofika mahali ambapo maji yalikuwa yanakata barabara, mama mmoja akasema, "Baba, tungoje kwanza." Shofere akajibu, "Mama, usiogope, hii njia minaijua." Katikati motokari ikazimika, halafu ikaanza kusogea yenyewe kuelekea mtaroni, polepole, kama inasukumwa na mtu. Maji yakafika kwenye magoti. Nikasukuma mlango: hapana. Nikatafuta manivele ya kushusha kioo: haiko. Kumebaki kile kijino cha chuma tu. Tuliokoka juu ya yule aliyekaa mbele, kioo chake kilikuwa kinafunguka. Akapita, wengine tukapanda juu ya viti tukamfuata, mtoto wa yule mama akipitishwa kwa mikono kama mfuko wa unga.

Usiku ule sikulala, nikachukua kalamu. Ile presha ya maji tuliyoikariri kwa ajili ya egzamu, njo hiyo ilikuwa inashika mlango. Chukua mlango wenye upana wa mita 1, maji ya nje yamepanda sentimita 60 juu ya ukingo wake wa chini, ndani bado kukavu. Kwa wastani kina ni sentimita 30, kwa hiyo maji yanasukuma kwa uzito wa kilo 180. Hata ukisukumia upande ulio mbali na bawaba unahitaji nusu yake, kilo 90, nawe umekaa, umebanwa na majirani. Na hapo maji hayajafika hata kwenye kioo.

Tena, ukifaulu kuufungua, ni mbaya zaidi. Gordon Giesbrecht, profesa wa chuo kikuu cha Manitoba kule Kanada, amezamisha motokari nyingi kwa makusudi, watu wakiwa ndani. Aliona kwamba motokari iliyofungwa huelea kwanza, sekunde 30 mpaka dakika 2 hivi. Mlango ukifunguliwa, maji yanaingia kwa kishindo na inazama kwa sekunde chache tu, pamoja na waliobaki. Ile dakika ya kuelea ndiyo mali yako yote. Usiitumie kupiga simu. Hakuna atakayefika kutoka Likasi kwa dakika moja.

Anachofundisha ni kifupi: fungua mkanda, shusha kioo, toka, watoto wakitangulia. Mfuatano huo una sababu. Kioo kinashuka kirahisi maji yakiwa bado chini yake. Yakishakifunika, yanakigandamiza kwenye fremu na hakisogei tena. Vioo vya umeme navyo kwa kawaida vinafanya kazi kwa muda mfupi ndani ya maji, kwa hiyo bonyeza mara moja, usingoje kuona kama motokari itasimama. Injini iko mbele, pua itazama kwanza. Ukichelewa, kioo cha nyuma ndicho kitabaki juu kwa muda.

Kioo kikikataa, kivunje. Kile kikubwa cha mbele kiache, kina tabaka la plastiki katikati. Kitapasuka lakini hakitaachia. Piga cha ubavuni, karibu na kona, kwa kitu chenye ncha ngumu. Kiwiko na ngumi vitakuumiza bure. Ila motokari nyingi mpya zina plastiki hiyo hata ubavuni, na nyundo ndogo ya dharura haizivunji. Angalia maandishi madogo kwenye kona ya kioo: "tempered" kinavunjika, "laminated" usipoteze nguvu.

Wengine watakuambia ungoje motokari ijae, presha iwe sawa ndani na nje, mlango ufunguke wenyewe. Kwa hesabu ni kweli. Lakini ni kungoja gizani, umeshika pumzi, pengine pua ya motokari imeelekea chini. Hiyo ni kwa aliyekosa vingine vyote.

Tarehe 29 Septemba 2019, kule Likoni, Mombasa, motokari iliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri ya MV Harambee, mama na binti yake mdogo wakiwa ndani. Video za simu zilizunguka Kenya nzima. Ilitolewa tarehe 11 Oktoba, kwenye kina cha karibu mita 58. Siwalaumu kabisa. Mimi mwenyewe, nikiwa na maji ya magotini na watu sita wa kunisaidia, nilianza na mlango.

Kwetu lakini hatari kubwa zaidi ni kama ile yetu: kuvuka. Maji yanayotembea, yenye kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kuinua motokari ndogo. Sentimita 60 zinachukua hata jeep. Tarehe 4 Desemba 2021, basi la wanakwaya lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi, Kenya. Walikufa zaidi ya 30, watu wakiwa wamesimama ukingoni wanaangalia. Yule mama wa teksi yetu alikuwa na haki, na sisi wenye diplome tulinyamaza juu ya haya.

Sasa nikipanda, nauliza kabla ya kulipa: kioo hiki kinashuka? Mashofere wengine wanakasirika. Juma lililopita mmoja alicheka, akafungua kasanduku ka mbele, akatoa manivele moja inayotumikia vioo vyote vinne. "Shika, yaya, kama unaogopa." Niliishika mkononi mpaka Kambove.