Kupanga mjini, kujenga pembezoni: hesabu ya makazi Dar es Salaam

Mfanyakazi wa Dar es Salaam akikwambia anatafuta pa kununua, mara nyingi hazungumzii nyumba iliyokamilika. Anazungumzia kiwanja. Nyumba itafuata baadaye, tofali kwa tofali, bonasi ikitoka, mchezo ukimfikia au mkopo wa saccos ukipitishwa. Kwa hiyo swali la kununua au kupanga, ambalo kwingineko humalizwa kwa kulinganisha rejesho la benki na kodi ya mwezi, hapa lina njia ya tatu, nayo ndiyo inayofuatwa na wengi. Asiyeipigia hesabu njia hiyo hawezi kuelewa kwa nini bei za viwanja zinakimbia kuliko kodi za nyumba.

Sensa inaonyesha watu wanakoelekea. Kati ya 2012 na 2022 mkoa wa Dar es Salaam uliongezeka kutoka watu milioni 4.36 hadi milioni 5.38. Katika miaka hiyo hiyo jirani yake, Pwani, ulitoka milioni 1.1 na kuvuka milioni 2. Mji umefurika na kumwagikia Kibaha, Mkuranga na Bagamoyo, na ndani ya mkoa wenyewe umesogea hadi Chanika, Chamazi, Goba, Madale na Bunju. Mashamba ya mikorosho na minazi yamekatwa vipande vya mita za mraba 400, na kila kipande kina dalali wake.

Kinachopanga bei ya vipande hivyo ni barabara. Aprili 2016 Daraja la Nyerere lilifunguliwa Kurasini, na Kigamboni, iliyokuwa ikitegemea pantoni, ikafikika kwa gari moja kwa moja. Mwezi uliofuata mabasi ya mwendokasi yakaanza kutoka Kimara hadi Kivukoni. Aliyenunua kabla ya lami kufika alinunua shamba. Aliyekuja baada yake alinunua kiwanja, kwa bei ya kiwanja. Saruji na bati haviongezeki thamani vikishakuwa nyumba, vinachakaa. Ardhi iliyo chini yake ndiyo inayopanda.

Upande wa wapangaji, ugumu mkubwa ni malipo ya mkupuo. Chukua chumba na sebule cha shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, dalali anataka mwezi mmoja wake. Mpangaji anaingia akiwa ameshatoa milioni 1.4, kabla hajalipa gari la kuhamisha vyombo wala kununua umeme wa Luku. Sheria ya udhibiti wa kodi za pango ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei ni maelewano. Mkataba ukiisha, mwenye nyumba anaweza kutaja kodi mpya, na mpangaji akachagua kulipa au kuanza upya na dalali mwingine.

Hata hivyo, ukilinganisha na thamani ya nyumba yenyewe, kodi za Dar ni nafuu. Tuseme nyumba ya Mbezi ina thamani ya milioni 150 na inapangishwa kwa 600,000 kwa mwezi. Kwa mwaka inaingiza milioni 7.2, yaani asilimia 4.8, kabla ya kodi ya serikali ya asilimia 10, rangi, mabomba na miezi isiyo na mpangaji. Hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilipotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 12.56. Hata kwa riba hiyo ya chini, milioni 150 zingezaa zaidi ya milioni 18 kwa mwaka bila kugombana na mtu kuhusu choo kuziba. Mwenye nyumba anakubali pato dogo kwa sababu anasubiri ardhi ipande. Kwa namna fulani, subira yake ndiyo inayompunguzia mpangaji gharama.

Benki nazo zinaielekeza hesabu huko huko. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa 2008, sambamba na sheria inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo la ghorofa, na mwaka 2010 ikaanzishwa kampuni ya TMRC ili kuzipa benki fedha za muda mrefu. Pamoja na yote hayo, mikopo ya nyumba haifiki asilimia 1 ya pato la taifa. Sababu inaonekana ukishika kikokotoo. Mkopo wa milioni 60 kwa riba ya asilimia 16 na miaka 15 unadai rejesho la shilingi 881,000 hivi kila mwezi. Hadi unamaliza, umelipa takriban milioni 158.6. Kwa kanuni ya kumwachia mfanyakazi theluthi moja ya mshahara, mkopaji lazima awe na mshahara usiopungua milioni 1.32 hivi, na kiwanja chenye hati. Ardhi kubwa ya mji haijapimwa, kwa hiyo wengi wanakwama kwenye hati kabla hata ya kufika kwenye mshahara.

Kenya imechagua kukusanya fedha kwa lazima: chini ya sheria ya nyumba za gharama nafuu ya 2024, mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Tanzania bado inaliachia soko na mifuko ya wananchi wenyewe.

Mifuko hiyo ndiyo inayojenga. Mwaka wa kwanza msingi na jamvi, wa pili boma, kisha lenta, halafu kupaua. Ni mkopo usio na riba ambao mtu anajikopesha mwenyewe, lakini una gharama zake. Boma lisiloezekwa linanyeshewa misimu miwili, mitatu. Nondo zilizochomoza zinaota kutu. Fedha iliyolala ukutani haizai chochote, na saruji ya mwakani haiuzwi kwa bei ya mwaka huu. Mjenzi mwenye busara hujilimbikizia fedha za hatua nzima kwenye mfuko wa uwekezaji au hatifungani, ndipo anamwita fundi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kiwanja chenyewe. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa kandokando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, kwa kuwa hifadhi ya barabara hiyo ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati. Kigamboni, mpango wa mji mpya uliotangazwa 2008 uliwazuia wakazi kuendeleza maeneo yao kwa miaka mingi, na mji wenyewe haukujengwa. Hati ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa haikulindi dhidi ya mambo hayo. Nenda ofisi ya ardhi ya manispaa, tazama ramani ya mipango miji, fanya upekuzi wa hati, na lipa mpima wako mwenyewe akuhakikishie alama za mipaka. Gharama hiyo ni ndogo kuliko bei ya kiwanja unachoweza kupoteza.

Kwa anayefanya kazi Posta au Kariakoo, hesabu inaelekeza hivi: nunua ardhi mapema, hama kwa kuchelewa. Kuhamia Chanika kwenye nyumba isiyo na plasta ili "kuokoa kodi" kunaweza kukugharimu nauli ya mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, kuamka saa kumi alfajiri, na watoto kubadilishiwa shule. Jumlisha gharama hizo kwa mwezi na uzilinganishe na kodi unayolipa Sinza. Zikizidi, endelea kupanga bila aibu huku kiwanja chako kikipanda bei. Anayejiajiri huko huko pembezoni, au mwenye kazi isiyomlazimu kufika mjini kila siku, kwake hesabu inageuka, na boma lililopauliwa linatosha kumhamisha.