Kuhamisha mashine pepe kutoka Windows hadi Linux bila kupoteza kamusi

Katika idara za lugha bado kuna kazi nyingi zilizofungwa ndani ya programu za zamani. Aliyekusanya msamiati wa Kiluba au Kibemba miaka ishirini iliyopita huenda aliuhifadhi kwa Toolbox, juu ya Windows XP, kwa fonti ya kabla ya Unicode ambamo ŋ na vokali zenye alama za toni zimekalia nafasi za herufi nyingine. Ukifungua faili hilo leo bila fonti yake, toni zinageuka alama zisizosomeka. Ndiyo maana baadhi yetu tumeitunza XP nzima ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, ambayo hukaa kama mgeni ndani ya kompyuta mwenyeji. (Kiswahili kinatusaidia hapa: neno la Kifaransa hôte laweza kumtaja mwenyeji au mgeni.)

Sasa mwenyeji anabadilika. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Anayehamia Linux atauliza: mgeni wangu nitamfanyaje?

VirtualBox ipo pia kwenye Linux, na mashine itafunguka humo bila kugeuzwa. Lakini sehemu yake moja hulazimika kujengwa upya kila kiini cha Linux kinaposasishwa, na kazi hiyo hudai kupakua vifurushi vya ziada. Anayenunua megabaiti kwa siku atachoka. KVM imo ndani ya kiini chenyewe tangu 2007. Mimi napendekeza hiyo, pamoja na QEMU na virt-manager.

Mashine pepe ina sehemu mbili: diski, ambayo ni faili kubwa (VirtualBox huliita VDI), na maelezo ya kumbukumbu, kadi na vidhibiti. Maelezo utayaandika upya upande wa pili kwa dakika chache. Diski ndiyo inayosafiri.

Kabla ya kuondoka Windows, ondoa Guest Additions ndani ya mgeni, kisha umzime kabisa kwa menyu yake mwenyewe. Usimwache katika hali iliyohifadhiwa, kwa sababu KVM haiwezi kusoma kumbukumbu hiyo. Andika pia kama diski imeunganishwa kwa IDE au SATA, na kama mashine huwaka kwa BIOS au UEFI.

Hatari kubwa imo katika picha za hali, zile unazopiga ili uweze kurudi nyuma. Ukishapiga picha moja, VirtualBox haiandiki tena katika VDI ya mwanzo. Mabadiliko yote huenda kwenye faili jingine ndani ya folda ya Snapshots. Kama picha ilipigwa 2019, ile VDI yenye jina zuri imebaki 2019, na vidahizo vyote vya baadaye vimo kwingine. Ukiichukua peke yake, mashine itawaka bila kulalamika na kukuonyesha kamusi pungufu. Huenda usigundue hadi siku ya kutetea tasnifu. Kwa hiyo tengeneza kwanza nakala kamili ya mashine ukichagua hali ya sasa tu, nayo itakupa VDI moja yenye kila kitu. Usihamishe chochote kabla ya hapo.

Wakati wa kunakili, flashi ya FAT32 itakataa faili linalozidi GB 4, tumia exFAT. Umeme ukikatika katikati, anza upya, kisha linganisha alama za SHA256: certutil kwenye Windows, sha256sum kwenye Linux.

Ukifika Linux, geuza umbo la diski:

qemu-img convert -p -f vdi -O qcow2 kamusi.vdi kamusi.qcow2

Amri hii haigusi VDI. Katika virt-manager, chagua kuingiza diski iliyopo, taja kwamba mgeni ni Windows XP, uchague chipseti ya i440FX na diski ya IDE. Usichague VirtIO hata kama inasifiwa kwa kasi: XP haina kiendeshi chake, itaishia kwenye skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B. Hitilafu hiyo haimaanishi diski imeharibika; rudisha IDE. Mtandao uache umefungwa, kwani XP haipati masasisho ya kawaida ya ulinzi tangu 2014. Windows ikiona vifaa vimebadilika inaweza kudai kuamilishwa tena, basi namba ya leseni iwe karibu.

Mashine ikiwaka, tafuta kidahizo cha mwisho ulichoingiza kabla ya kuhama, na uangalie toni zake. Kikiwepo, nakili mafaili ya Toolbox nje ya mgeni: ni maandishi ya kawaida yenye alama kama \lx na \ps, hivyo yanaweza kugeuzwa kuwa Unicode polepole, herufi kwa herufi. VDI ya zamani ibaki kwenye diski ya nje hadi ugeuzaji huo ukamilike.