Kabla hujampa mwenzako siri ya mashine

Ukigundua mashine ya kamari "inayolipa", je, ni vyema umwambie rafiki yako?

Siri hizo huwa za kweli mara chache. Las Vegas, Marekani, zimewahi kuwapo mashine za poka ya video zinazorudisha asilimia 100.76 ya fedha zinazochezwa. Lakini faida hiyo ya senti 76 kwa kila dola 100 humfikia tu anayechagua karata sahihi kila mara, tena baada ya kucheza maelfu ya mizunguko. Anayefukuzia fedha alizoliwa hana utulivu huo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linautambua uraibu wa kamari kuwa ni ugonjwa. Dalili zake ni kushindwa kujizuia, kuitanguliza kamari mbele ya familia na kazi, na kuendelea kucheza licha ya madhara. Kumpa mtu huyo siri yako ni sawa na kumwonjesha pombe aliyekwisha kuiacha.

Kwa hiyo jiulize kwanza unayemwambia ni nani. Nawe mzazi, usimsifie mwanao anapokuja na fedha za mashine; muulize alianza na kiasi gani na alikipata wapi. Anayekopa au kujificha ili acheze hahitaji siri. Msindikize hospitali akaonane na mtaalamu wa afya ya akili.