Amplifaya ya gitaa: Soma volti kabla ya kuchomeka plagi

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

AKIBA ya mwaka mzima ya mpiga gitaa wa hotelini inaweza kuteketea kwa sekunde chache. Kinachotosha ni amplifaya iliyoletwa kutoka ng'ambo, plagi ya kubadilishia inayoingia vizuri kwenye soketi, na mtu mwenye haraka ya kuisikia ikilia.

Umeme unaosambazwa na Shirika la Umeme Zanzibar (ZECO) ni wa volti 230, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Amplifaya iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani huhitaji volti 120, na ile ya soko la Japani volti 100. Umeme na chombo vinapokutanishwa bila matayarisho, mwenye bahati huungua fyuzi. Asiye na bahati huunguza transfoma, na moshi ndio sauti ya kwanza na ya mwisho anayoipata.

Suala hilo lina uzito wa pekee Unguja, ambako chombo cha aina hii aghalabu hakinunuliwi mtaani. Wapo wanaovuka bahari hadi Dar es Salaam, wapo wanaoagiza Dubai, na wapo wanaoletewa na jamaa waishio Ulaya au Marekani. Anayeletewa mzigo kutoka mbali hana duka la jirani la kuurudisha ukiharibika.

Wakati huo huo, mahitaji hayajapungua. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi (DCMA) kimekuwa kikifundisha vijana muziki tangu mwaka 2002. Tamasha la Sauti za Busara, lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004, limejijengea jina kwa kusisitiza muziki unaopigwa moja kwa moja jukwaani. Taarab ya kisasa, maarufu kwa jina la rusha roho, nayo imelipa gitaa la umeme nafasi yake pembeni ya kinanda tangu miaka ya 1990.

Kibati cha nyuma

Kabla ya kuulizia sauti, mnunuzi anapaswa kugeuza amplifaya na kusoma kibati kilichobandikwa nyuma. Kikiandikwa volti 230, au 100 hadi 240, hakuna tatizo. Kikiandikwa 100 au 120 pekee, itahitajika transfoma ya kupunguza umeme.

Transfoma hiyo sharti iwe na uwezo mkubwa kuliko umeme unaovutwa na amplifaya, si ule unaotoka kwenye spika. Amplifaya ya vali ya wati 50 huweza kuvuta wati 150 au zaidi, hivyo transfoma ya wati 100 itapata moto na kuungua. Aidha, stabilaiza ya kawaida haifanyi kazi hiyo. Yenyewe hutuliza umeme unaopanda na kushuka, lakini haiugeuzi wa 230 kuwa wa 120.

Baadhi ya amplifaya zina swichi ya kuchagua volti. Swichi hiyo huguswa plagi ikiwa imechomolewa, na mara nyingi fyuzi nayo hubidi ibadilishwe kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji. Anayenunua Dubai ana nafuu, kwa kuwa umeme wa huko unakaribiana na wa Zanzibar na plagi yake ni ile ile ya meno matatu bapa.

Wati nyingi si sauti kubwa

Kosa jingine la wanunuzi ni kuamini kwamba wati 100 hupiga kelele mara mbili ya wati 50. Sikio halihesabu hivyo. Kuongeza wati mara mbili huongeza sauti kwa desibeli tatu tu, tofauti ambayo msikilizaji huitambua kwa kiasi kidogo. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa maradufu, wati hubidi ziongezwe takriban mara kumi.

Kwa hiyo, anayepiga kwenye mgahawa wa Shangani au ukumbi wa hoteli hana sababu ya kubeba mzigo wa wati 100. Wati 15 hadi 30 zinamtosha, na nyumbani hata wati tano ni nyingi. Katika uwanja mpana kama wa Ngome Kongwe, maikrofoni huwekwa mbele ya amplifaya hiyo hiyo ndogo, na spika kubwa za jukwaani hufanya kazi iliyobaki.

Pia ieleweke kuwa amplifaya ya gitaa si ya kila chombo. Spika yake imeundwa kwa ajili ya sauti za gitaa na hupunguza zile nyembamba sana, ndiyo maana kinanda kikipitishwa humo husikika kama kimefunikwa blanketi. Gitaa la besi ni hatari zaidi, kwani mtikisiko wake unaweza kuipasua spika hiyo. Bendi zinazounganisha vyombo vyote kwenye amplifaya moja huishia kununua spika nyingine.

Vali au transista?

Amplifaya za gitaa zimegawanyika katika makundi matatu. Za vali, kama vile Fender Twin Reverb na Vox AC30, hupendwa kwa sauti yenye joto ambayo huanza kukwaruza kwa utamu zinapopandishwa. Hata hivyo ni nzito, ghali, na vali zake huchoka. Kwa mkaazi wa kisiwani, swali la kwanza ni wapi atapata vali za akiba.

Za transista huwa nyepesi na imara zaidi kwa bei ile ile. Roland JC-120, iliyoingia sokoni mwaka 1975, ilijipatia sifa duniani kwa sauti safi isiyokwaruza hata ikipigwa kwa nguvu. Sauti ya namna hiyo hufaa sana gitaa la dansi na taarab, ambako kila noti inapaswa kusikika peke yake.

Kundi la tatu ni la kidijitali, linaloiga sauti za amplifaya mbalimbali ndani ya sanduku moja. Mfano ni Boss Katana ya wati 50, ambayo inaweza kupunguzwa hadi nusu wati kwa ajili ya mazoezi ya usiku. Kwa anayepiga ufukweni Nungwi au Paje, zipo pia ndogo zinazotumia betri, kama Roland Cube Street inayokula betri sita za kawaida.

Anayenunua iliyotumika aende na gitaa lake mwenyewe. Azungushe kila kitufe akisikiliza mikwaruzo, ainuse, kisha aipige kwa dakika 20 hadi ipate moto, kwa kuwa kasoro nyingi hujificha chombo kikiwa baridi.

Jino la tatu la plagi

Hakuna sehemu ya zoezi hili inayogusa uhai kama waya wa ardhi, ambao mafundi huuita ethi. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na chuma cha amplifaya. Ethi ikikosekana na umeme ukavuja, nyuzi hizo hubeba umeme bila kutoa dalili yoyote, hadi mpigaji atakaposogeza midomo kwenye maikrofoni.

Mwaka 1972, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Uskochi, Les Harvey, alifariki dunia jukwaani katika mji wa Swansea baada ya kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi. Hatari hiyo huongezeka pale mpigaji anaposimama peku juu ya mchanga wenye unyevu.

Wapo wanaokata jino la ethi ili kuondoa mvumo kwenye spika. Mvumo huondoka, na kinga huondoka nao. Njia salama ni kuchukulia umeme wa vyombo vyote kutoka soketi moja yenye ethi, na kuzima taa za mirija na zile za kupunguzwa mwanga zilizo karibu. Kabla ya onyesho, fundi mwenye mita apime kati ya nyuzi za gitaa na maikrofoni. Mshale ukipanda, onyesho lisubiri. Swichi inayokata umeme unapovuja ni kinga nyingine ya lazima.

Kuifunga siku ya kwanza

Kwa amplifaya yenye spika ya pembeni, namba za omu nyuma ya vyombo vyote viwili zisomwe. Ya vali inapaswa kulinganishwa na spika yake, na kamwe isiwashwe bila spika kuunganishwa, kwani transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Ya transista haipewi spika yenye omu chini ya kiwango kilichoandikwa. Waya wa spika nao ni mnene. Ule wa gitaa usitumike mahali pake.

Vitufe vyote vya sauti vianzie sifuri. Gitaa lichomekwe, amplifaya iwashwe, na kama ni ya vali ipewe dakika moja hivi ipate moto. Besi, sauti ya kati na nyembamba viwekwe katikati, kila kitufe kikielekea juu kama mshale wa saa sita. Ndipo sauti ipandishwe polepole, na marekebisho yafanyike kimoja kimoja.

Nyumba za Mji Mkongwe zina tabia zake. Upana wa vyumba vingi uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, hivyo ni vyembamba na virefu, na kuta zake nene za mawe na chokaa hurudisha sauti. Amplifaya ikiwekwa pembeni kabisa mwa chumba, besi huvimba na kuzima noti. Isogezwe mbali na kona, iinuliwe juu ya kiti imara, na spika ielekezwe masikioni badala ya magotini. Mkeka au zulia sakafuni husaidia. Na kwa kuwa madirisha ya vichochoroni yanatazamana, jirani ana haki ya usingizi wake, na adhana inaposikika, kitufe hurudishwa sifuri.

Giza na chumvi

Unguja inakumbuka giza la takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na la takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, pale umeme unaotoka Tanzania Bara kwa waya wa baharini ulipokatika. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013, lakini kukatika kwa muda mfupi bado kunaweza kutokea. Umeme ukikatika, amplifaya izimwe na plagi ichomolewe. Ukirudi, isubiri dakika chache hadi utulie. Kwenye jenereta, volti zipimwe kwanza.

Adui wa kimya kimya ni hewa ya bahari. Unyevu wa masika na chumvi hula jeki na vitufe hadi vianze kukwaruza. Amplifaya ikae mbali na dirisha, ifunikwe kitambaa baada ya kupoa, na iwashwe angalau mara moja kwa wiki ili joto lake likaushe unyevu. Ndani isiguswe na asiye fundi, kwani ya vali huhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa.

Kwa mwanamuziki anayelipwa kwa usiku mmoja mmoja, chombo hicho ndicho jembe lake. Dakika tano za kusoma kibati na kupima ethi ni gharama ndogo, zikilinganishwa na msimu mzima wa watalii bila kazi, au maisha yake mwenyewe.