Tenganisheni risasi kwa alama zinazosomeka

Katika Kata ya Chang'ombe wapo wakazi wanaomiliki silaha kwa kibali, na wapo walinzi wanaokesha na bunduki kwenye maghala na viwanda. Panapotunzwa silaha za vipimo tofauti, kuchanganya risasi kwaweza kugharimu maisha.

Chukua mfano wa shotigani. Namba ikiwa ndogo, mtutu huwa mpana zaidi. Hivyo risasi ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12. Ikiingizwa kimakosa katika bunduki ya namba 12, huteleza na kukwama ndani ya mtutu. Mlinzi hudhani bunduki ni tupu, huweka risasi nyingine, na akifyatua mtutu hupasuka mikononi mwake. Ndiyo sababu risasi nyingi za namba 20 hutengenezwa kwa rangi ya njano.

Bastola nazo zina mtego wake: zipo risasi za milimita 9 zenye ganda la urefu wa milimita 19, na nyingine la milimita 17.

Wamiliki wanashauriwa kuandika kipimo kwenye kila magazini kwa wino usiofutika, na kutunza kila aina katika kisanduku chake. Rangi pekee haitoshi, kwani gizani hazitofautishiki. Kabla ya kupakia, linganisheni maandishi ya kwenye silaha na yale ya kitako cha risasi.

Udhibiti wa silaha ni jukumu la Jeshi la Polisi, chini ya sheria ya mwaka 2015. Mwenye shaka asijaribu risasi. Aulize Kituo cha Polisi Chang'ombe.