Sura ya bibi Gertrude Stein

Tukisema picha imefanana na mutu, tunataka kusema nini? Wengi watajibu upesi: macho ni yake, pua ni yake, basi. Tuangalie kazi moja iliyofanywa Paris katika miaka 1905 na 1906. Tutaona ya kuwa jibu lile halitoshi.

Mufundi ni Pablo Picasso, Muspania, kijana wa miaka kama 24 wakati ule. Bibi ni Gertrude Stein, Mwamerika, mwandishi wa vitabu. Alikaa Paris pamoja na kaka yake Leo, na nyumba yao ya rue de Fleurus ilijaa tablo za mafundi wapya. Bibi huyu alikuja kuketi mbele ya Picasso mara nyingi sana. Kwa hesabu yake mwenyewe ni mara 80 au 90. (Nani kati yetu angevumilia?) Kiisha, katika mwaka 1906, Picasso alifuta kichwa chote. Alisema kwamba akimutazama hamuoni tena. Akaacha tablo bila uso, akaenda Gósol, kijiji cha milimani katika Spania. Aliporudi akachora uso, na bibi mwenyewe hayuko mbele yake.

Ukitazama vizuri, utaona alama ya kazi hii ya mara mbili. Mwili ni muzito, umeinama mbele kidogo, nguo ni za rangi ya udongo, na mikono imetulia. Lakini uso ni mugumu kama jiwe lililochongwa, kope ni nene, na macho mawili hayalingani. Mwili na uso havikuchorwa kwa namna moja, na Picasso hakujali kuficha jambo hilo.

Uso ule ulitoka wapi? Wengine watafurahi kusema: ni kinyago cha Afrika! Tusikimbilie. Mwaka ule wa 1906 watu wa Paris waliweza kuona katika Louvre mawe yaliyochongwa na Waiberia, watu wa zamani wa Spania, yaliyochimbuliwa Osuna. Picasso aliyaona, na uso wa bibi unayafuata. Kazi ya Afrika ilifika kwake nyuma kidogo. Katika miezi ya mwisho ya 1906 Henri Matisse alinunua Paris sanamu ndogo ya Wavili, watu wa pwani ya Loango, akaionyesha Picasso katika nyumba ile ile ya bibi Stein. Mwaka 1907 Picasso alikwenda kutazama vinyago vya Afrika katika nyumba ya Trocadéro, na katika tablo zake za mwaka ule mukono wa Afrika unaonekana wazi. Pale tudai haki ya wazee wetu, tena kwa nguvu, maana jina la Mvili aliyechonga sanamu ile halikuandikwa na mutu. Lakini tusiwape sifa isiyo yao, haiwasaidii.

Na kufanana je? Picha nyingi za watakatifu katika vitabu vyetu vya sala zina nyuso nzuri, lakini ni kama uso wa mutu mumoja. Picasso alitafuta kinyume. Watu walipomwambia kwamba bibi hafanani na picha, alijibu ya kuwa atafanana nayo tu. Bibi mwenyewe aliandika mwaka 1938 kwamba picha ile, kwake, ni yeye. Aliitunza mpaka kufa kwake mwaka 1946, akaiachia nyumba ya Metropolitan, New York.